Mistari ya Girtin, Maji ya Turner, Nyumba ya Daktari Monro

Majira ya baridi ya mwaka 1794, London. Saa kumi na mbili jioni giza limeshaingia zamani, na vijana wawili wanabisha hodi kwenye nyumba namba 8, Adelphi Terrace, safu ya nyumba za wenye uwezo zinazoutazama mto Thames. Mmoja ni mtoto wa kinyozi wa Maiden Lane, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mwenzake ametoka kwenye ukoo wa Southwark, ng'ambo ya mto, na baba yake alikuwa mtengeneza brashi. Wote wamezaliwa 1775. Wanaketi mezani kwenye mwanga wa mishumaa, wanapewa michoro ya watu wengine, wanainakili na kuipaka rangi mpaka saa nne usiku, wanalipwa, wanaondoka. Kesho hivyo hivyo. Mambo yakaenda namna hiyo kwa miaka 3.

Mwenye nyumba si mchoraji kwa kazi yake. Ni daktari wa wagonjwa wa akili.

Mtoto wa kinyozi ni Joseph Mallord William Turner, ambaye leo Waingereza humtaja kabla ya mchoraji wao mwingine yeyote. Mwenzake ni Thomas Girtin, aliyekufa na miaka 27. Karatasi walizozifanyia kazi jioni zile ni nyingi, mamia, na kwa zaidi ya karne zimewasumbua wataalamu kwa swali moja: hii ni kazi ya mkono wa nani? Hicho ndicho kisa ninachokichambua hapa, na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Swali lilikuwa gumu kwa sababu waulizaji walitafuta jina moja mahali ambapo kazi iligawanywa kama mapishi ya shughuli: mmoja anakuna nazi, mwingine anachambua mchele, mwingine yuko kwenye sufuria. Halafu mgeni anauliza, pilau hii kapika nani?

Kwanza tumjue mwenye shughuli.

Thomas Monro alizaliwa 1759 katika ukoo ambao udaktari wa wendawazimu ulikuwa kama shamba la urithi. Babu yake James alianza kuwa daktari wa hospitali ya Bethlem, London, mwaka 1728. Akafuata baba yake, John. Kisha yeye mwenyewe, kuanzia 1792. Baada yake akaja mwanawe Edward. Vizazi vinne, hospitali moja. Pamoja na hiyo, ukoo ulikuwa na nyumba binafsi ya wagonjwa wa akili huko Hackney iliyoitwa Brooke House, na huko ndiko fedha ya kweli ilikotoka, maana matajiri walilipa vizuri ili ndugu zao watunzwe mbali na macho ya watu.

Fedha hiyo Monro aliimwaga kwenye michoro. Alikusanya kazi za Gainsborough, mchoraji maarufu wa Kiingereza, za Thomas Hearne, za yeyote aliyemvutia, na mwenyewe alikuwa akichora kila alipopata nafasi: miti, vijia, vilima, kwa chaki nyeusi na wino wa Kichina, kwa kumwiga Gainsborough waziwazi bila aibu. Michoro yake ni laini, imejaa giza la kupendeza, na baada ya kuona kumi unakuwa umeziona zote. Alikuwa mchoraji wa ridhaa, kama tunavyosema kwenye michezo: anayecheza kwa mapenzi, mshahara wake uko kwingine.

Uingereza ya wakati ule ilijaa watu wa aina hii. Maofisa wa jeshi walifundishwa kuchora mandhari kwa sababu kabla ya kamera ramani na picha ya ngome vilitegemea jicho na penseli; Paul Sandby, mmoja wa mabingwa wa rangi za maji, alikuwa mwalimu mkuu wa kuchora katika chuo cha kijeshi cha Woolwich kuanzia 1768 hadi 1796. Binti wa nyumba nzuri alifundishwa kuchora kama alivyofundishwa kinanda, na kazi zake zikaishia kwenye jalada la familia. Rangi zenyewe zilikuwa zimerahisishwa: William Reeves alikuwa akiuza rangi za maji zilizokaushwa kuwa vipande vidogo, na mwaka 1781 alipewa tuzo kwa ubunifu huo. Unasugua kipande kwenye maji, unapata rangi. Huhitaji tena kusaga mawe na kuchanganya gundi mwenyewe. Msafiri angeweza kutia studio nzima mfukoni, akaenda milima ya Wales au maziwa ya kaskazini, akarudi na karatasi thelathini.

Watu hawa hawakuuza. Kuuza kungewashusha hadhi. Lakini walinunua, waliajiri walimu, waliazimana michoro, walialikana kutazama majalada baada ya chakula cha usiku. Historia za sanaa huwapitia haraka, kana kwamba walikuwa mashabiki jukwaani. Kisa cha Adelphi kinaonyesha kwamba wakati mwingine uwanja wenyewe ulikuwa wao, na mpira pia.

Ushahidi wa mapema tunaupata kwa Joseph Farington, mchoraji wa mandhari na mwanachama wa Royal Academy, chama cha wasanii wakubwa wa London chenye shule zake, ambaye kila siku aliandika shajara ya nani kasema nini na nani kalipwa kiasi gani. Mwanga wake kwetu ni mkubwa, ingawa nisingependa kuwa jirani yake. Tarehe 30 Desemba 1794 aliandika alichoambiwa: kwamba nyumba ya Daktari Monro ikifika jioni inakuwa kama chuo, ana vijana wanaofuatisha michoro ya mistari iliyochorwa na rafiki zake, na rafiki hao, akina Henderson na Hearne, wanamwazima michoro yao kwa kazi hiyo.

Sentensi hiyo inafaa kusomwa polepole. Hearne alikuwa mtaalamu anayeishi kwa kuchora. Lakini John Henderson alikuwa jirani, namba 4 safu ileile, mtu wa ridhaa kama Monro. Aliwahi kwenda Dover, akachora bandari: mashua, kamba, nguzo, maghala. Michoro yake ya mistari ikaletwa mezani kwa daktari, na Turner na Girtin wakaigeuza kuwa picha kamili za rangi za maji. Yaani wachoraji wawili ambao muda si mrefu wangeitikisa London walikaa chini kunakili mistari ya mtu aliyekuwa akichora kujifurahisha. Tumezoea kusikia kwamba mtu wa ridhaa anamwiga bingwa. Hapa mabingwa wa kesho walilipwa kumkamilishia mtu wa ridhaa kazi yake.

Chanzo kikubwa zaidi cha michoro hakikuwa Henderson, na hapa kisa kinaingia giza.

John Robert Cozens alizaliwa 1752. Baba yake, Alexander, alikuwa mwalimu wa kuchora shuleni Eton, akiwafundisha watoto wa mabwana kuanza na doa la wino na kulitafutia mlima na mti ndani yake. Mwana alimzidi baba. Alisafiri Uswisi na Italia mara mbili akiwa amechukuliwa na matajiri, mara ya kwanza na Richard Payne Knight mwaka 1776, ya pili na William Beckford mwaka 1782, na alichokileta kilikuwa kitu ambacho rangi za maji za Kiingereza hazikuwa nacho. Kabla yake, picha ya mandhari ilikuwa taarifa: hapa pana kanisa, pale daraja. Cozens alichora hewa. Kwa buluu, kijivu na kijani kilichofifia alipata umbali wa maili ishirini na huzuni ya mtu anayeutazama. Miaka mingi baadaye mchoraji wa mandhari John Constable alisema Cozens alikuwa ushairi mtupu.

Mwanzoni mwa 1794 Cozens alipatwa na ugonjwa wa akili na kupooza, hakuweza tena kufanya kazi. Aliyemchukua kumtibu ni Monro. Marafiki walichangishana fedha za kumtunza yeye na familia yake. Sir George Beaumont, naye mchoraji wa ridhaa mwenye mfuko mnene, alikuwa miongoni mwao. Cozens hakupona. Alikufa 1797.

Kwa hiyo pangilia tarehe. Mgonjwa anaingia mikononi mwa daktari mwaka 1794. Mwaka uleule vijana wanaanza kuja jioni. Wanachokinakili kwa wingi ni michoro ya mistari na kazi ambazo mgonjwa hakuzimaliza. Miaka 3 waliyokaa hapo karibu inalingana na miaka 3 ya mwisho ya Cozens.

Wako wanaomwona Monro hapa kama msamaria: alimtunza mtu aliyevunjika, na akahakikisha sanaa yake inarithiwa na vijana wawili wenye vipaji kuliko wote mjini. Yote hayo ni kweli. Ila ni kweli pia kwamba daktari aliyetaka kuwa na Italia ya Cozens ukutani alipata mamia ya picha kwa bei ya vibarua wa jioni. Mimi siwezi kuzitenganisha hizo mbili, na nadhani hata Monro asingeweza. Wema na faida vilikaa meza moja.

Kuna kumbukumbu nyingine inayonifanya nisimvike daktari huyu kilemba cha mtakatifu. Mwaka 1814 wakaguzi waliingia Bethlem wakamkuta baharia Mmarekani, Norris, amefungwa kwa chuma shingoni na kiunoni kwa takriban miaka 10. Mwaka uliofuata Kamati ya Bunge ilimwita Monro. Alieleza matibabu ya hospitali: majira ya kuchipua wagonjwa hutolewa damu, kisha hutapishwa kila wiki kwa majuma kadhaa, kisha hupewa dawa ya kuharisha. Akasema ndivyo ilivyokuwa kabla ya wakati wake, ameyarithi kutoka kwa baba yake na hajui utaratibu ulio bora zaidi. Kuhusu pingu alijibu kwamba zinawafaa wagonjwa maskini tu. Muungwana akifungwa minyororo hatapenda. Mwaka 1816 aliondoka, mwanawe akashika nafasi.

Nimeleta habari hiyo kwa sababu inamwonyesha mtu mzima, na kwa sababu ya lile neno la kurithi. Mtu aliyeamini kwamba namna ya kufanya jambo ni kufanya kama ulivyolikuta. Hospitalini imani hiyo ilikuwa balaa. Mezani kwake Adelphi, kwa vijana wawili wenye njaa ya kujua, kunakili kukawa shule. Lakini tusitie chumvi hapo. Hadithi inayopendwa husema Monro ndiye aliyewafundisha. Turner alikuwa ameshaingia shule za Royal Academy mwishoni mwa 1789 na kuonyesha picha yake ya kwanza kule mwaka 1790, akiwa na miaka 15. Girtin alikuwa ameshapitia uanagenzi kwa mchoraji Edward Dayes. Hawakuja kujifunza kushika brashi. Walikuja kulipwa, na wakiwa kazini wakakutana na Cozens.

Na malipo? Tarehe 12 Novemba 1798 Farington aliwakuta wote wawili, wakamweleza. Walikuwa wakienda saa kumi na mbili na kukaa mpaka saa nne. Girtin alichora mistari, Turner akatandaza rangi. Turner alipata shilingi 3 na peni 6 kwa usiku mmoja. Girtin hakusema alipata ngapi. (Shilingi ndiyo hiyohiyo iliyovuka bahari na kutuachia jina, peni 12 ziliifanya moja, na shilingi 20 zilifanya pauni.) Mapokeo ya baadaye yanasema shilingi 2 na nusu pamoja na chakula cha usiku cha chaza, ambao London ya wakati ule walikuwa chakula cha kila mtu na si cha hoteli. Tofauti ya shilingi moja si kitu. Ninachokiona mimi ni kwamba mwaka 1798 Turner alikuwa tayari kutaja bei yake mbele ya watu na Girtin akanyamaza. Kunyamaza huko kunaweza kuwa adabu tu. Ila katika kazi iliyogawanywa, anayepaka rangi ndiye huonekana amemaliza picha.

Sasa tusogee karibu na karatasi yenyewe. Chukua moja kati ya mandhari ya ziwa Albano au Nemi, maziwa yaliyojaa kwenye midomo ya volkano zilizolala, kusini ya Roma. Karatasi ni ndogo, unaweza kuiweka mapajani. Ukiitazama kwa mbali unaona buluu na kijivu basi: ukingo wa ziwa ulioinama, miti upande mmoja, mji mdogo juu ya jabali, kisha uwanda unaoyeyuka kuelekea baharini. Jua halijachorwa. Mwanga ni ile karatasi iliyoachwa wazi.

Ukiisogelea, au ukiikuza kwenye skrini kama nilivyofanya mimi kwa usiku kadhaa, penseli inajitokeza chini ya rangi. Na penseli hii ina tabia. Haipendi kwenda moja kwa moja. Inakatika, inaweka nukta, inaruka, inajikunja kama ndoano ya samaki mahali jani linapogeukia kivulini. Ukuta wa nyumba hauchorwi wote. Pembe mbili na kivuli cha dirisha vinatosha. Mtu aliyenakili mstari wa mwenzake kwa woga hutetemeka, mstari wake unakuwa sawasawa mwanzo mpaka mwisho kama uzi. Huu una mwendo wa mtu anayeandika jina lake. Tabia hiyohiyo ya penseli unaikuta kwenye michoro ya Girtin ya mahali alipokwenda mwenyewe, makanisa na magofu ya Uingereza, ambayo hakuna anayeibishia.

Juu ya mistari kuna maji. Rangi imezimuliwa mpaka inakaribia kuwa si rangi, ikatandazwa haraka, ikakauka, likaja tabaka la pili mahali panapohitaji uzito, na la tatu kwenye miti ya mbele. Kazi hii haina huruma. Ukisitasita, ukingo unakauka na kuacha alama ya maji ambayo hutaifuta. Ukirudia kabla ya kukauka, chini kunachanganyika tope. Hapa hakuna tope. Mlima wa mbali umewekwa kwa pigo moja, na pembezoni rangi imepita kidogo nje ya mstari wa penseli bila kuujali, kama mtu anayejua kwamba jicho litasamehe. Mkono uliochora mstari ungeuheshimu zaidi.

Halafu kuna mishumaa. Aliyewahi kuchagua kitambaa usiku kwa taa ya chemli anajua kwamba mwanga wa njano unadanganya: buluu inageuka kijani, kijani kinageuka kijivu. Nadhani hilo ni sababu mojawapo, pamoja na mfano wa Cozens mwenyewe, ya karatasi hizi kubaki na buluu na kijivu. Palikuwa na haja gani ya kuhangaika na rangi usizoweza kuziona? Na mgawanyo wa kazi nao unaeleweka ukikumbuka saa ya ukutani. Tabaka linahitaji muda wa kukauka. Mmoja akiwa anasubiri karatasi ikauke, mwenzake anamwandalia nyingine. Kwa saa nne, kila jioni, wawili wanatoa kazi ambayo kila mmoja peke yake asingeitoa.

Jambo jingine, ambalo huwa linanishangaza kila nikilirudia: hakuna kati yao aliyekuwa ameiona Italia. Girtin hakuiona kamwe. Safari yake ya nje ya nchi iliishia Paris, 1801 na 1802. Turner alifika Roma mara ya kwanza mwaka 1819, na miaka 44. Robo karne kabla ya hapo alikuwa ameshapaka ziwa la Albano kwenye chumba cha London, kwa mistari ya rafiki yake, iliyotokana na mistari ya mgonjwa wa daktari.

Monro alikufa 1833. Alizikwa Bushey, Hertfordshire, kwenye viwanja vya kanisa walikotangulia kuzikwa rafiki zake wachoraji Hearne na Henry Edridge. Mwezi Juni mwaka huohuo majalada yake yalipelekwa mnadani Christie's. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na halikuwa kosa la bahati mbaya. Mwaka 1833 Turner alikuwa mtu mkubwa na tajiri. Girtin alikuwa ameanza kusahaulika, Cozens alijulikana na wachache. Mwuza mnada akiwa na rundo la karatasi za buluu na kijivu, ataziita nani? Ziliuzwa kwa jina la Turner.

Turner naye alikuwa miongoni mwa wanunuzi. Hilo likazidisha mkanganyiko. Alipokufa Desemba 1851, na baada ya ndugu kugombania wosia, mahakama mwaka 1856 iliamua kwamba kazi zilizokuwa mikononi mwake ziwe mali ya taifa: mamia ya picha za mafuta na maelfu kwa maelfu ya michoro. Ndani ya shehena hiyo zilikuwamo karatasi za Adelphi. Kitu kilichokutwa kwenye sanduku la Turner kikawa cha Turner. Nani angeuliza?

Wa kwanza kuuliza kwa utaratibu ni A. J. Finberg, mtaalamu wa kazi za Turner, aliyeorodhesha shehena yote na kuchapisha orodha mwaka 1909. Ilikuwa kazi ya ajabu, karatasi moja baada ya nyingine, na mpaka leo namba zake zinatumika. Lakini Finberg hakuwa na shahidi muhimu kuliko wote. Shajara ya Farington ilikuwa bado imelala kwenye mali ya familia. Iliibuka mwaka 1921, ikaanza kuchapishwa mara moja, na ndipo watu wakasoma kwa maneno ya wahusika wenyewe: Girtin mistari, Turner rangi. Miaka 12 baada ya orodha.

Ungetegemea kesi ifungwe hapo. Haikufungwa. Maneno ya shajara yalikuwa wazi mno kiasi kwamba watu walitafuta njia ya kuyazunguka. Labda ilikuwa hivyo kwa karatasi chache. Labda Girtin alipaka nyingine mwenyewe. Labda Turner alichora nyingine. Kila labda ilikuwa na ukweli kidogo, maana utaratibu wa jioni mia kadhaa hauwezi kuwa mmoja, na baada yao walikuja vijana wengine nyumbani kwa daktari, akiwamo mchoraji John Sell Cotman. Lakini chini ya labda zote kulikuwa na soko. Karatasi ya Turner ina bei. Karatasi ya Girtin ina bei nyingine. Karatasi ya "shule ya Monro", jina lililobuniwa kwa ajili ya yale yasiyo na mwenyewe, ni kama gari lisilo na kadi. Mwenye karatasi hakutaka kusikia kwamba ni ya wawili. Mwaka 1984 mwanahistoria wa sanaa Andrew Wilton aliirudisha hoja mahali ilipostahili, akishikilia kwamba Farington achukuliwe kama alivyoandika, na leo karatasi za namna hii katika jumba la sanaa la Tate, London, zinaandikwa majina yote mawili, Girtin na Turner, zikifuata mchoro wa Cozens.

Mimi ningeongeza jina. Simwongezei Monro sifa kwa kuwa alilipa. Walipaji walikuwa wengi. Namwongeza kwa sababu picha hizi ni wazo lake. Yeye ndiye aliyechagua mistari ipi ikamilishwe, aliyeamua kwamba mmoja achore na mwingine apake, aliyeketi akiziona zinakauka. Akiwa na mkono wa wastani na jicho zuri, alitumia mikono ya wengine kupata picha ambazo wake usingeweza. Watengeneza filamu tunawapa jina kwa hilo. Sheria ya makumbusho haimpi. Yeye na Henderson wanabaki kwenye mstari wa chini, ule wa karatasi ilipita kwa nani. Ya Henderson angalau ilipata bahati: mwanawe aliyerithi jina lake aliwaachia British Museum mkusanyiko wa familia mwaka 1878, na zimo kazi za Girtin na Turner.

Cozens yuko kwenye neno "zikifuata". Ni neno dogo kwa mtu ambaye bila yeye pasingekuwa na ziwa wala mlima wa kupaka.

Narudi kwenye mnada. Turner mwaka 1833 alikuwa na miaka 58, na fedha ya kununua atakacho. Wapo wanaosema alikwenda kulinda jina lake, asione kazi za ujana zikizagaa mitaani kwa bei ya chini. Inawezekana, alikuwa mtu wa hesabu. Lakini alijua kuliko yeyote aliyekuwa ukumbini kwamba penseli ile haikuwa yake. Alizinunua, zikaenda kukaa pamoja na zake. Girtin alikuwa kaburini miaka 30 na ushei.